Mwandishi na mwanasayansi wa tabianchi: nani ana haki ya kufuta neno la mwenzake?

Kalamu ya Usiku (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa,

Mwezi Agosti 2019, nchini Iceland, kundi la watu lilipanda mlima hadi mahali palipokuwa na mto wa barafu ulioitwa Okjökull, wakabandika juu ya mwamba bamba la shaba lenye maneno machache. Mtaalamu wa barafu Oddur Sigurðsson alikuwa ametangaza mwaka 2014 kwamba barafu ile imekufa, na alikusudia maana ya kitaalamu kabisa: ilikuwa imepungua unene kiasi cha kukosa uzito wa kuifanya itambae yenyewe, na barafu isiyotambaa haihesabiwi tena miongoni mwa mito ya barafu. Maneno ya bamba hakuyaandika yeye. Aliyeyaandika ni mwandishi Andri Snær Magnason, ambaye aliwaelekea watu ambao hawajazaliwa, akawaambia kwamba sisi tunajua kinachotokea na kinachopaswa kufanywa, ila ni wao tu watakaojua kama tulikifanya. Chini yake pakawekwa tarehe na kipimo cha hewa ukaa angani: sehemu 415 kwa kila sehemu milioni.

Naanza na bamba hili kwa sababu ukiondoa mchango wa upande wowote mmoja halisimami. Takwimu ile ikiwa peke yake ni mojawapo ya takwimu nyingi tunazozipita kila siku bila kugeuka. Na sentensi ile bila takwimu ni maombolezo ambayo yangeweza kuandikwa juu ya msiba wowote. Lakini kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kuliona. Neno lenye uzito kuliko yote katika kisa hiki, neno "kufa", lilitoka kinywani mwa mwanasayansi. Yeye ndiye aliyetoa sitiari, na bamba la mwandishi ndilo lililotunza takwimu. Sidhani kama wangefika hapo iwapo kila mmoja angebaki chumbani kwake akisubiri zamu.

Kwa bahati mbaya, mara nyingi ushirikiano huu hupangwa kwa zamu. Utafiti hukamilika, ripoti huandikwa, fedha kidogo hubaki, ndipo mtu hukumbuka kwamba yupo mshairi anayeweza kuitwa ili aifanye ripoti "iwafikie wananchi". Mshairi hupewa ukurasa wa muhtasari na wiki mbili. Kinachotoka hapo huwa ni shairi lililojaa jangwa, mafuriko na mtoto anayelia, ambalo lingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakusoma ripoti yoyote, na mwanasayansi hulipokea kwa adabu kisha halitazami tena.

Wanaoupanga ushirikiano kwa namna hii hudhani kwamba tatizo letu ni watu kutoelewa, kwa hiyo anahitajika mkalimani. Historia ya elimu yenyewe inanitia shaka juu ya dhana hiyo. Eunice Foote alionyesha kwa majaribio mwaka 1856 kwamba chombo chenye hewa ukaa kikiwekwa juani hupata joto zaidi na huchelewa kupoa. Svante Arrhenius alikokotoa mwaka 1896 jinsi joto la dunia lingebadilika iwapo hewa hiyo ingeongezeka. Na tangu Charles David Keeling alipoanza kuipima mwaka 1958 kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, kipimo kimepanda kutoka takriban sehemu 315 kwa milioni hadi kupita 420. Hizo ni zaidi ya karne moja na nusu za maarifa. Aliyekosekana kwa muda wote huo hakuwa mkalimani.

Mfano ninaouona bora uko katika msitu wa utafiti wa H.J. Andrews, jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 1985 wanaikolojia walilaza magogo chini ya miti ili kuchunguza namna yanavyooza, na wakaupangia utafiti huo miaka 200, kwa kuwa gogo kubwa halina haraka. Tangu mwaka 2003 waandishi nao hualikwa, mmoja baada ya mwingine, wakae msituni, watembelee maeneo yale yale na kuandika wanachokiona, na mpango huo umekusudiwa kuendelea hadi mwaka 2203. Hakuna mwandishi anayeweza kuagizwa aeleze matokeo, kwa sababu matokeo yenyewe hayajapatikana na watakaoyapata hawajazaliwa. Mwandishi huja kama mgeni katika ule usemi wetu wa mgeni njoo, mwenyeji apone: huuliza maswali ambayo mwenyeji alikwisha kuyazoea hata akaacha kuyasikia.

Swali langu kwenu ni hili. Mwandishi na mwanasayansi wakiketi pamoja tangu mwanzo, watagombana juu ya maneno, na ni vizuri wagombane. Je, ni nani mwenye haki ya kufuta neno la mwenzake?

Mpima Mvua

Ndugu Kalamu ya Usiku, nakushukuru kwa mada. Kazi yangu ni ya vipimo na hesabu za hali ya hewa, kwa hiyo nitasema kwa niaba ya upande ambao kwa kawaida ndio unaolaumiwa kwa ukavu wa lugha.

Waandishi hutuomba sentensi moja ambayo hatuwezi kuwapa. Wanataka tuseme kwamba joto kali la wiki fulani, lililoua watu fulani, lililetwa na mabadiliko ya tabianchi. Chukua wimbi la joto la Ulaya la mwaka 2003, ambalo vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida katika majira yale vilikadiriwa kuwa zaidi ya 70,000. Mwaka uliofuata Peter Stott na wenzake walichapisha utafiti ambao ndio uliofungua njia ya taaluma nzima ya kuchunguza mchango wa binadamu katika tukio moja moja la hali ya hewa. Walisema hivi: kwa uhakika wa zaidi ya asilimia 90, shughuli za binadamu ziliongeza angalau maradufu uwezekano wa kutokea joto la kiwango kile. Sentensi hiyo ni ndefu na inachosha, lakini kila kipande chake kinabeba mzigo. Ukiondoa "angalau", umepunguza. Ukiondoa "uwezekano", umedanganya.

Mimi huieleza hivi: anayeongeza maji mtoni hawezi kuonyeshwa ni tone lipi lililomzamisha mtu, lakini hawezi pia kusema kwamba hahusiki. Mwandishi wa hadithi anahitaji mhusika mmoja, siku moja na sababu moja; mimi nina wastani wa miongo mitatu na mstari wa grafu wenye kivuli pande zote mbili, kinachoonyesha kiasi cha kutokuwa na uhakika. Hapo ndipo tunapovunjikia.

Kuna na suala la neno "huenda". Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lililoundwa mwaka 1988, limeyafunga maneno yake kwa vipimo: linaposema jambo lina uwezekano mkubwa, linamaanisha asilimia 66 au zaidi; likiongeza mkazo mara moja, ni asilimia 90 au zaidi; likisema ni karibu hakika, ni 99. Msomaji wa kawaida hajui kwamba kuna mizani nyuma ya maneno hayo. Akikutana na "huenda" husikia kwamba wataalamu wanabahatisha. Nikimwachia mwandishi, ataandika "bila shaka" ili asimchoshe msomaji. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni kwamba haki ya kufuta iwe yangu.

Mizani Kumi na Sita

Ndugu Mpima Mvua, nakupa haki hiyo nusu, na nusu nyingine naidai.

Taaluma yenu ina maneno ambayo ninyi wenyewe mngepaswa kuwa mmekwisha kuyafuta, ila mmeyazoea. Bahari iliyofunikwa na barafu yenye theluji mpya hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, zaidi ya asilimia 80. Barafu ikiyeyuka, maji meusi ya bahari humeza zaidi ya asilimia 90 ya mwanga huo, yakapata joto, yakayeyusha barafu zaidi. Jambo hilo la kutisha mmeliita mrejesho chanya. Kwa masikio ya msomaji, mrejesho chanya ni mwajiri amekusifu. Mwandishi aliyeketi nanyi tangu siku ya kwanza angewauliza kwa nini msiseme ni joto linalojichochea, na nadhani mngekosa jibu. Vivyo hivyo "nadharia": kwenu ni jengo lililojaribiwa kwa miaka, mitaani ni maneno matupu ya mtu asiye na kazi.

Kwa upande mwingine, lugha yetu imewapa zawadi ambayo sijaona mkiitumia. Walimu wa sayansi huhangaika kueleza tofauti kati ya hewa ya leo na ile ya miaka 30. Kiswahili kimekwisha kuieleza ndani ya maneno yenyewe: hali ya hewa, na tabianchi. Hali hupita, tabia hukaa. Mtu anaweza kuamka na hali mbaya akiwa bado na tabia njema, na siku moja ya baridi haithibitishi kwamba tabia ya dunia haijabadilika, kama vile salamu moja ya uchangamfu haithibitishi kwamba mkorofi ameongoka. Nakiri kwamba zawadi hii ina mwiba, kwa sababu wapo wanaosema tabia haina dawa, nao wanaweza kuligeuza neno hilo kuwa kisingizio cha kukaa bure.

Niongeze mfano mmoja wa furaha. Gregory Johnson, mtaalamu wa bahari aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti ya IPCC ya mwaka 2013, aliichukua ripoti ile yenye kurasa zaidi ya 1,500, akaifupisha kuwa haiku 19, yaani mashairi mafupi ya mtindo wa Kijapani, kila moja na picha aliyoichora mwenyewe kwa rangi za maji. Haiku moja ina silabi 17. Mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida una mizani 16. Maana yake ni kwamba ripoti nzima ingekaribia kuingia katika beti tano za tarbia, zenye mishororo minne kila mmoja, na ingezidi kwa mizani tatu tu. Hapa mwandishi na mwanasayansi walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo ugomvi wa kufuta maneno ulifanyika ndani ya kichwa kimoja, na nadhani ndiyo sababu kazi ilitoka safi.

Sina Hakika Bado

Samahani kwa kuingia na maji baridi. Nimesoma michango yote kwa heshima, lakini hakuna aliyeuliza kama jambo hili linafanya kazi.

Matthew Schneider-Mayerson na wenzake walichapisha mwaka 2020 matokeo ya jaribio ambalo baadhi ya washiriki walisoma hadithi fupi kuhusu tabianchi na wengine wakasoma hadithi isiyohusiana nayo. Waliosoma za tabianchi walibadilika kidogo katika imani na mitazamo yao, na baada ya mwezi mmoja tofauti ile ilikuwa imefifia hadi haionekani tena kitakwimu. Mwezi mmoja tu. Kabla ya hapo, filamu moja ya Marekani ya mwaka 2004 iliwaonyesha watazamaji nusu ya dunia ikigeuka barafu katika siku chache, ilhali mabadiliko ya mkondo wa bahari yaliyotumiwa kama kisingizio cha hadithi hiyo huhesabiwa kwa miongo. Watazamaji walitoka na hofu zaidi, hilo lilipimwa, lakini hofu ya kitu kisichokuja namna hiyo ina faida gani?

Tena kuna hili la safari. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii waandishi na wasanii wamekuwa wakipelekwa kaskazini mwa dunia kutazama barafu pamoja na watafiti. Wanasafiri kwa mafuta yale yale wanayoyalaani, kisha wanarudi na vitabu kuhusu hisia zao.

Kalamu ya Usiku

Ndugu Sina Hakika Bado, hoja ya safari nakuachia, kwa sababu nakubaliana nayo zaidi ya nusu. Hoja ya jaribio nataka kuijibu.

Jaribio lile lilipima kama hadithi humbadilisha msomaji mawazo. Ni swali halali, na jibu ni la kukatisha tamaa, ingawa sijui ni muhadhara gani wa dakika ishirini ambao athari yake hudumu zaidi ya mwezi. Lakini limechukulia, kama wanavyochukulia waratibu wa miradi, kwamba hadithi ni kitu kinachotoka kwenye sayansi kwenda kwa umma. Ukitazama jinsi makadirio ya tabianchi yanavyotengenezwa, utaona kwamba mara nyingine hadithi hutangulia.

Ripoti ya IPCC ya mwaka 2021 ilijengwa juu ya mfumo wa njia tano ambazo jamii ya binadamu inaweza kuzipita katika karne hii. Watu huziona kama mistari ya rangi kwenye grafu. Kabla ya kuwa mistari zilikuwa masimulizi, yaani kurasa za nathari zilizoandikwa na wataalamu: moja inaeleza dunia inayoshirikiana na kupunguza matumizi ya rasilimali, nyingine dunia ambayo mataifa yamejifungia na kushindana, nyingine dunia ya matabaka ambayo wachache wana kila kitu, na kadhalika. Kutokana na masimulizi hayo ndipo pakatungwa takwimu za idadi ya watu, uchumi, elimu na nishati, na kutokana na takwimu hizo makadirio ya gesi na joto. Modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria tabianchi ijayo, haiwezi kuanza bila mtu kukaa na kuwaza: je, binadamu watafanya nini?

Swali hilo ni la mtunzi wa riwaya. Ni swali la tamaa, woga, urithi, kisasi na aibu, na waandishi wamelifanyia kazi tangu binadamu walipoanza kusimulia. Nilipoyasoma masimulizi yale sikukuta mtu hata mmoja ndani yake. Kuna serikali, masoko, teknolojia na mwelekeo. Hakuna mtu anayefanya jambo kinyume na faida yake kwa sababu tu ametukanwa. Siwalaumu walioyaandika, kwa kuwa walihitaji kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa tarakimu. Nasema tu kwamba kiti cha mwandishi kiko pale, kabla ya hesabu, na kwamba akikikalia hatakuwa anampamba mtu.

Msomaji Kimya

Mimi huwa nasoma bila kuandika, lakini leo nina mfano ambao haujatajwa. Mwaka 2018 washairi wawili, Kathy Jetñil-Kijiner wa Visiwa vya Marshall na Aka Niviâna wa Greenland, walisimama pamoja juu ya barafu ya Greenland wakalighani shairi waliloliandika kwa pamoja. Mtaalamu wa barafu Jason Box alikuwa miongoni mwa waliosafiri nao. Barafu ile yote ikiyeyuka ina maji ya kuinua bahari kwa takriban mita 7, na sehemu kubwa ya visiwa vya mshairi wa kwanza iko mita 2 hivi tu juu ya bahari. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo iliyowakutanisha wanawake wale, na haikuhitaji kutajwa ndani ya shairi, kwa sababu mmoja alikuwa amesimama juu ya kitu kitakachomzamisha nyumbani kwake, akiwa mgeni wa mwenye kitu hicho, ambaye naye anakipoteza. Nilichokipenda ni kwamba mwanasayansi hakusema sana.

Mpima Mvua

Nimerudi, na nimelainika kidogo. Suala la masimulizi ya modeli lilikuwa mbele ya macho yangu kwa miaka na sikuwahi kuliita hadithi. Ndugu Mizani Kumi na Sita, nakuletea mtihani: chukua ile sentensi ya mwaka 2003, uitie katika mshororo mmoja. Nitafuta ninachotaka kufuta.

Mizani Kumi na Sita

Haya:

*Joto hili si ajali, mkono wetu wazidi.*

Mpima Mvua

Nafuta "si ajali". Joto kali lilikuwapo kabla yetu na lingeweza kuja bila sisi.

Mizani Kumi na Sita

*Lilikuja hata kale, ila sasa maradufu.*

Mpima Mvua

Afadhali, lakini umeangusha "angalau", na msomaji atadhani joto lenyewe ndilo lililoongezeka maradufu. Kilichoongezeka ni uwezekano.

Mizani Kumi na Sita

Nimehesabu kwa vidole mara tatu kwa sababu sikuamini. Neno lako "angalau maradufu" lina mizani 8 kamili, bila kupunguza wala kuvuta. Vina bado vinachechemea, ila tazama:

*Lilikuja hata kale, si jambo geni kwa watu,*
*Si joto, uwezekano, angalau maradufu.*

Mpima Mvua

Sina cha kufuta. Ila uhakika wa zaidi ya asilimia 90 umeuweka wapi?

Mizani Kumi na Sita

Huo unahitaji ubeti wa pili. Nipe hadi kesho, na safari hii niletee data yenyewe badala ya muhtasari.